Ushauri: Vikasha vya Geocaching vya mfumo wa jua hapa Moshi, sayari za ndani zinabanana

MwanaKibo
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaocheza Geocaching, na walimu wa fizikia kama mmo humu msinipite.

Kwa asiyeujua mchezo: unaficha kikasha chenye karatasi ya kusaini, unaweka namba zake za GPS mtandaoni, wengine wanakuja kukitafuta. Mimi nataka kuficha vinane, kila sayari na chake, kwa kipimo cha moja kwa bilioni moja. Yaani kilomita milioni moja za angani zinakuwa mita moja ya hapa mjini.

Jua limeshapata mahali. Baba mkubwa amekubali fundi wa mabango achore duara la njano lenye upana wa mita 1.39 kwenye ukuta wa mbele wa duka lake, ule unaotazama mlimani. Kutoka hapo Utaridi ni mita 58, Zuhura 108, Dunia 150, Mirihi 228. Halafu ndipo miguu inaanza kazi: Mshtarii mita 778, Zohali kilomita 1.4, Uranusi 2.9, na Neptuni 4.5, ambayo nataka niielekeze upande wa Msitu wa Rau. Ndani ya kila kikasha kutakuwa na sayari yenyewe kwa kipimo kilekile. Dunia ni shanga ya milimita 13.

Shida ni kanuni ya mchezo: vikasha lazima viachane angalau mita 161. Kati ya Zuhura na Dunia mimi nina mita 41 tu. Kuna jamaa kaniambia nizisogeze, hakuna atakayepima. Sitaki. Mtoto akisimama penye Dunia, mita 150 kutoka ukutani, lile duara analiona kwa ukubwa uleule wa Jua la angani. Hicho ndicho kilichonifanya niuanze mpango huu. Nifanyeje?

Kipimo Sawa
Hongera mkuu, wazo zuri sana. Kuza kipimo. Ukienda moja kwa milioni 250, Zuhura na Dunia zinaachana mita 165, umevuka kanuni.

MwanaKibo
Nilishaipigia hesabu hiyo mkuu. Jua linakuwa na upana wa mita 5.6, ukuta huo duka halina. Na Neptuni inakimbilia kilomita 18. Nataka watoto wa mtaani wafike kwa miguu.

Shangazi Ramani
Mwanangu, kanuni hiyo inahusu vitu ulivyoweka wewe kwa mkono wako, hata kibao ulichokipigilia kinahesabiwa. Kituo kinachotumia kitu kilichokuwepo hakihesabiwi. Kwa hiyo Utaridi na Zuhura zifanye vituo vya swali: mtu asome namba iliyoko kwenye nguzo ya umeme, aende nayo mpaka Dunia ndipo akute kikasha.

Mwalimu wa Zamu
Shangazi yuko sahihi, ila kijana halazimiki kupoteza vikasha viwili. Tunazipanga sayari kwenye mstari kwa sababu vitabu vya shule vimezichora hivyo. Angani hazijapangana. Umbali kutoka kwenye Jua ndio wa kuheshimu. Upande unachagua wewe. Kule York, Uingereza, wamezipanga kando ya njia ya baiskeli iliyokuwa reli, nao mstari unawafaa. Lakini Zagreb, Kroatia, tufe la shaba la Ivan Kožarić la mwaka 1971 lilifanywa Jua, na mwaka 2004 Davor Preis akazitawanya sayari mjini kote kufuata ukubwa wake.

Sasa fanya hivi. Ukuta unatazama kaskazini, basi Dunia iweke kaskazini moja kwa moja, mita 150, duara lionekane kama unavyotaka. Zuhura mashariki, mita 108. Utaridi magharibi. Ukiiweka mita 58 itakuwa mita 160 na kidogo kutoka Dunia, na hapo watakukatalia. Lakini njia ya Utaridi si duara kamili: hulikaribia Jua hadi kilomita milioni 46 na kulikimbia hadi karibu milioni 70. Iweke mita 65. Hujadanganya mtu, na inaachana na Dunia mita 163, na Zuhura 173. Zuhura na Dunia mita 185 hivi. Mirihi ipeleke nyuma ya duka.

MwanaKibo
Mwalimu, Mungu akubariki. Nimechora kwenye karatasi, vyote vinne vinakaa!

Dada wa Njoro
Naongeza la mtaani. Kasha la bati usiweke, wa vyuma chakavu watalipitia. Tumia plastiki inayoonyesha ndani, andika nje kwa Kiswahili kwamba ni mchezo na namba ya simu, maana kasha lisilo na mwenyewe siku hizi linaita polisi. Muone mwenyekiti wa mtaa kwanza, na kule Rau waone wanaousimamia msitu. Usichimbe, mchezo haukubali kufukia. Kaa mbali na shule na madaraja. Na pima kila namba siku tofauti kisha uchukue wastani, chini ya miti mikubwa GPS hutangatanga.

MwanaKibo
Nimepokea dada. La mwisho: Pluto niiache? Watoto wataiulizia.

Shangazi Ramani
Ifanye kikasha cha ziada. Kila sayari ibebe tarakimu moja ndani ya kifuniko, aliyezipata zote nane ndiye apewe njia ya Pluto.

Mwalimu wa Zamu
Na una uhuru mkubwa: kwa kipimo chako Pluto inaweza kukaa popote kati ya kilomita 4.4 na 7.4. Kuanzia 1979 hadi 1999 ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni, kwa hiyo hata ukiileta upande wa huku uko sawa. Kwenye maelezo waandikie pia kwamba kwa kipimo hiki mwanga unatembea sentimita 30 kwa sekunde. Mtoto anayetembea kawaida kutoka dukani anauacha nyuma, na mwanga utamkuta Dunia baada ya dakika 8 na kitu.

Dada wa Njoro
Mpira wa Mshtarii wa sentimita 14 utauweka kwenye nini?

MwanaKibo
Kopo la rangi la plastiki la lita nne, fundi wa mabango ananipa likiisha.