Tupeane uzoefu: AC gani imekufaa Unguja au Pemba kwa fukuto hili?

Assalaam aleykum jamaa. Kaskazi inamalizika, masika yako mlangoni, na fukuto la sasa halimwachi mtu kulala. Kila nyumba nnayoingia watu wanaulizana habari za AC. Naomba aliyenunua kwa pesa zake akaishi nayo atueleze, tupate kusaidiana. Naanza mie.

Nakaa Kiembesamaki. Chumba cha kulala ni futi 12 kwa 12, dirisha moja. Muuzaji alinishauri nichukue kubwa nisije nikajuta, nikabeba ya BTU 24,000 (BTU ndiyo kipimo cha nguvu ya kupoza). Usiku wa kwanza, dakika kumi tu chumba kimekuwa barafu, mashine ikanyamaza. Punde joto likarudi, ikawaka tena kwa kishindo, na hivyo hivyo mpaka alfajiri. Baridi ilikuwepo, lakini shuka zilikuwa na majimaji na ngozi inanata. Miezi mitatu baadaye kanzu zangu kabatini zimeota koga, madaftari ya watoto yamejikunja. Nikadhani dari inavuja.

Fundi mmoja mtu mzima ndiye aliyenifahamisha. Hewa yetu imejaa mvuke. Ukipita kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya baridi ndani ya AC, unageuka maji, yanatoka nje kwa mpira. Kazi hiyo inataka muda. Mashine kubwa inapoza upesi na kuzima kabla maji hayajatoka, na yaliyobaki kwenye mapezi yanapeperushwa tena chumbani. Nikaiuza kwa mwenye ukumbi, nikanunua inverta ya 9,000, ile inayopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka. Naiweka nyuzi 25, inakwenda polepole usiku kucha. Asubuhi ndoo niliyoiweka chini ya mpira inakaribia kujaa, na hayo ndiyo maji tuliyokuwa tukilala nayo. Koga sijaiona tena.

Haya, karibuni.

Wa Jambiani
Waaleykum salaam. Kwetu pwani kinachoua AC ni chumvi. Tuna vyumba vinne vya wageni, na mashine za nje tulizifunga upande wa bahari kwa kuwa ndiko mafundi walikoona nafasi. Kusi ilipoanza kuvuma, upepo wote ukawa unaingia kwenye mapezi. Mwaka wa pili yanamong'onyoka ukiyagusa kwa kidole, na gesi inavuja kila mara. Tulipobadilisha tulitafuta zenye koili ya shaba na mapezi yaliyopakwa ile rangi ya buluu ya kuzuia kutu, tukazihamishia nyuma ya nyumba. Kila Ijumaa asubuhi kijana anazima umeme kwenye suichi kubwa na kuziosha kwa maji baridi, yasiyo ya kisima cha chumvi. Zina mwaka wa nne sasa.

Fundi, Mwanakwerekwe
Kaka wa Jambiani amesema la maana, na mie niongeze kuhusu gesi, kwa sababu watu wanaumizwa. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, pana pahala panavuja. Fundi akija kujaza kila baada ya miezi sita bila kutafuta tundu, unalipia upepo. Na angalieni kibandiko cha mashine: gesi ya R22 ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni na dunia inaiondoa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo mtumba wa R22 hata ukiwa rahisi usiuchukue. Mpya nyingi ni R32 au R410A. Haziingiliani, kila moja na mashine yake.

Jengine ni umeme kupanda na kushuka. Weka gadi inayochelewesha kuwaka dakika chache baada ya umeme kurudi. Kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi, ikiwashwa papo hapo na presha bado imo, inaungua. Nimezika nyingi kwa sababu hiyo.

Wa Mwera
Mie AC haikunisaidia mpaka nilipotazama juu. Nyumba ya mabati, bila dari. 12,000 ilikuwa ikinguruma tangu magharibi na uniti zinakwisha, chumba bado tanuri, kwa sababu bati lililopigwa na jua mchana kutwa linaendelea kushusha joto. Nilipiga dari, nikaacha matundu ya hewa pembeni chini ya paa, nikaziba nyufa za dirisha na chini ya mlango. Mashine ni ile ile. Sasa naizima saa nane za usiku na feni inatosha.

Wa Mkunazini
Kwa sisi wa Mji Mkongwe, msikimbilie kutoboa ukuta wa mbele. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo mie nilipita kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe kuuliza, mashine ya nje nikaiweka ndani ya uwa. Na kuta zetu za mawe na chokaa zinapumua. Mpira wa maji wa jirani ulikuwa ukidondoka ukutani kwetu, na kwa masika mmoja tu chokaa ikavimba na kuanguka vipande. Mpira ufikisheni kwenye mchirizi.

Mama wa Chake Chake
Wanangu, mie sina mengi. Mjukuu alijaa harara shingo nzima, ndipo mwanangu akaniletea ndogo ya 9,000. Nilikuwa naiweka 18, mtoto akaamka na mafua. Binti wa jirani akanionesha kitufe cha rimoti chenye alama ya tone la maji. Siku za mvua natumia hicho, chumba kinakauka bila baridi kali, na harara imekwisha. Chujio naliosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili, vumbi linalotoka si la kusimulia.

Wa Kiembesamaki
Mama ahsante, hicho kitufe nitakijaribu leo. Fundi, swali: nataka kufunga nyengine sebuleni, futi 14 kwa 18, jua la jioni linapiga ukuta mzima. 12,000 itatosha au niende 18,000?

Fundi, Mwanakwerekwe
Kwa jua hilo, 18,000 inverta. Lakini kwanza weka pazia zito au panda mti upande huo, kisha niite nije nipime. Ukishaweka kivuli huenda 12,000 ikatosha.