Naomba ushauri: nyimbo tano za roki ya 2000–2009 kwa shughuli ya familia, Kisumu

MtuWaLolwe
Habari za jioni wakuu. Nina shughuli ya familia hapa Kisumu mwezi ujao na DJ anataka orodha yangu kufikia Ijumaa. Mimi ni mtu wa roki, hasa zile bendi za gitaa za miaka ya 2000 hadi 2009. Nimechuja mpaka usingizi umenikataa, nimebaki na hizi: Last Nite (The Strokes), Seven Nation Army (The White Stripes), Maps (Yeah Yeah Yeahs), Mr. Brightside (The Killers), Take Me Out (Franz Ferdinand), Float On (Modest Mouse), Wake Up (Arcade Fire), Banquet (Bloc Party) na Use Somebody (Kings of Leon). Nafasi ni tano tu. Zipi zibaki, na upi utangulie? Tafadhali msiniambie niweke Bongo Flava, zipo tayari.

Kondele_Asili
Omera, shughuli ya familia Kisumu bila ohangla? Wazee wataondoka na viti vyao.

Gitaa_Section58
Hatimaye uzi wa maana humu. Niko Nakuru na nilidhani niko peke yangu.
Take Me Out itoe. Ile ngoma inaanza kwa mwendo wa kukimbia, halafu kabla dakika ya kwanza haijaisha inapunguza kasi na kuanza kukanyaga chini. Sisi tunaoijua tunasubiri hapo kwa hamu. Shangazi yako atakuwa mguu mmoja hewani.
Seven Nation Army ibaki. Watu wote hudhani ni besi inayonguruma pale mwanzo, kumbe ni gitaa la kawaida la Jack White limepitishwa kwenye pedali ya kushusha sauti oktava nzima. Mashabiki wa mpira Ulaya huimba ile mistari ya gitaa bila neno hata moja, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza ataingia.
Banquet ibaki pia. Mwimbaji wake, Kele Okereke, wazazi wake ni Wanaigeria. Wazee wakiuliza, una jibu.

MamaBaraka
Mimi hizo sizijui, wanangu, lakini naelewa shida. Harusi yangu ilikuwa Njoro, na shemeji yangu alisisitiza apige kinanda mwenyewe. Stima zikapotea katikati ya keki. Kwaya ya akina mama ikachukua usukani mpaka jioni, na hadi leo watu husema haijawahi kutokea harusi tamu kama ile. Shemeji hajanisamehe. Hakikisheni kuna jenereta.

Dada_Milimani
Swali dogo tu, kaka. Shughuli gani hasa? Umesema familia, hukusema ni nini.

MtuWaLolwe
Ni sherehe tu, dada. Watu kama mia tatu. @Gitaa_Section58 asante sana, lakini Take Me Out inaniuma kuitoa. Vipi Mr. Brightside itangulie?

Dada_Milimani
Sherehe ya nani?

MtuWaLolwe
Yangu. Harusi. Nilisema ya familia kwa sababu najua humu mkisikia harusi mtaanza mambo ya mahari.

Kondele_Asili
Mahari ulimaliza?

Gitaa_Section58
Subiri kidogo. Unataka kufungua dansi ya HARUSI kwa Mr. Brightside? Ndugu, mwimbaji wao Brandon Flowers aliandika ule wimbo baada ya kumkuta mpenzi wake na mwanamume mwingine kwenye baa kule Las Vegas. Na ubeti wa pili ni ule ule wa kwanza, maneno kwa maneno. Yaani atalia wivu mara mbili, wewe ukiwa umemshika bibi harusi kiunoni.
Maps nayo ni nzuri kupita zote hapo, nasema bila haya, lakini mwimbaji wao, Karen O, anamlilia mpenzi wake. Kwenye video machozi ni ya kweli.
Wake Up? Ile kwaya isiyo na maneno wakwe watadhani ni pambio, hapo umepata. Ila usimwambie mtu jina la albamu. Inaitwa Funeral, kwa sababu wanabendi walifiwa na jamaa zao kipindi wanairekodi.

Mzee_Mstaafu
Kijana, ndoa si ngoma. Mimi na mama tulicheza wimbo mmoja tu wa kanisa tukaenda kula. Siku hizi mnapanga nyimbo miezi mitatu na maisha yenyewe hamjapanga hata wiki.

Dada_Milimani
Na bibi harusi amechagua zipi katika hizo tisa?

MtuWaLolwe
Yeye ana orodha yake ya injili na rumba. Hizi ni zangu. Nataka iwe sapraizi kwake.

Dada_Milimani
Hajawahi kuzisikia?

MtuWaLolwe
Amesikia. Hazipendi sana.

Dada_Milimani
Kwa nini hazipendi? Jibu tu, kaka, tuendelee.

MtuWaLolwe
Sawa. Nilizijua kupitia CD niliyochomewa kwenye saiba moja Nakuru, 2005, tukiwa kidato cha nne. Aliyenichomea ni msichana. Ndiyo, tulikuwa pamoja. Tuliachana baada ya mtihani. Ni binamu ya bibi harusi na yuko kwenye kamati.
Kabla hamjaanza: nyimbo si mali ya mtu. The Strokes hawakuimba kwa ajili yake. DJ nimeshamlipa nusu, kadi zimechapishwa, na mimi ndiye ninayeoa, kwa hiyo dakika ishirini ni zangu.

Kondele_Asili
Uuuwi.

MamaBaraka
Baba, binamu? Na yuko kwenye KAMATI?

Mzee_Mstaafu
Nilisema.

Kondele_Asili
Suluhisho liko hapa hapa nyumbani. Weka Extra Golden. Wamarekani wawili wa roki na wanabenga wetu, albamu ya kwanza Ok-Oyot System ilitoka 2006, Otieno Jagwasi, mmoja wa hao wanabenga, akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Ya pili, 2007, ina wimbo wa kumshukuru Obama, wakati huo seneta, kwa kuwasaidia kupata viza. Ni roki, ni ya miaka ile ile unayotaka, na gitaa linapanda juu vile wazee wanavyojua. Na hakuna binamu ndani yake.

Gitaa_Section58
Extra Golden nakubali kabisa. Lakini wakuu, hebu turudi nyuma. CD ya 2005? Use Somebody imetoka 2008. Kings of Leon 2005 walikuwa na nywele ndefu na gitaa la vumbi, huo wimbo haukuwepo duniani. Huyu anatutungia. Hakuna harusi, hakuna binamu.

Kondele_Asili
Ndiyo maana mahari hajajibu!

MamaBaraka
Na mimi nimemsimulia keki yangu.

Mzee_Mstaafu
Vijana wa siku hizi hata uongo hawajui kupanga.

MtuWaLolwe
Situngi jamani! Zilikuwa CD mbili. Hiyo ya Kings of Leon ni ya 2009.

Dada_Milimani
Ya nani?

Dada_Milimani
Kaka?

MtuWaLolwe
Yake. Tulikuwa tunasalimiana tu.

Dada_Milimani
Mliachana baada ya mtihani, miaka minne baadaye anakuchomea CD yenye Use Somebody. Salamu hizo.

Gitaa_Section58
Naondoa tuhuma zangu. Anayetunga hajichimbii shimo namna hii. Use Somebody itoke, Mr. Brightside itoke, Maps itoke kwa heshima. Weka Banquet, Seven Nation Army, Last Nite, Wake Up na moja ya Extra Golden. Na mwambie mchumba kuhusu CD kabla kamati haijamwambia.

MtuWaLolwe
Nimewasikia wote. Nitafikiria. Sasa Float On iingie badala ya Last Nite au niiache?

Kondele_Asili
Iingie. Na kama jenereta bado hujapata, nakodisha, pamoja na spika nne na hema la watu mia tatu. Nusu kwanza.