Ushauri: mapigo ya asubuhi ya kiungo wangu yamepanda, nimpumzishe?

KochaPembeni: Wakuu, salaam. Nafundisha soka timu ya wasichana. Kila mmoja akiamka, kabla hajatoka kitandani, anahesabu mapigo ya moyo sekunde 60 na kuyaandika kwenye daftari la timu. Kiungo wangu huwa 54 au 55. Wiki hii: 61, 63, 62, leo 58. Naona anarudi. Fainali keshokutwa, nimpunguzie mazoezi?

WingaMstaafu: Enzi zetu hakuna daftari. Tulikimbia mpaka tunatapika, na kombe tukabeba. Mwache binti acheze.

MamaBeki: Kocha, yuko siku ya ngapi ya mzunguko wa hedhi? Yai likishapevuka, joto la mwili hupanda kidogo na mapigo huongezeka, mara nyingi mawili hadi manne kwa dakika. Mlinganishe na yeye mwenyewe, siku zilezile za mwezi uliopita. Binti yangu aliwekwa benchi mechi mbili kwa namba hizohizo, kumbe hedhi ilikuwa inakaribia. Alilia, hadi leo naumia.

KochaPembeni: Sijamuuliza, naona aibu.

TabibuUwanjani: Mwombe dada wa timu amuulize. Ila saba, nane juu ya kawaida yake, siku tatu mfululizo, sidhani ni mzunguko peke yake. Analala? Ana homa? Kuna kingine hujasema?

KochaPembeni: Juzi alizimia mazoezini, sekunde chache tu. Akanywa maji, akamaliza zoezi. Nilijua ni njaa. Jina lake nimeshalipeleka, na penalti zote anapiga yeye.

Mdadisi: Hii chai. Mchezaji azimie, halafu tuambiwe baada ya kubanwa? Na daftari, zama hizi za saa za mkononi?

KochaPembeni: Si chai mkuu, saa hatuna. Daftari ninalo hapa... Ngoja. Kwenye 58 pamefutwa. Chini yake inasomeka 66.

MamaBeki: Anaogopa utamtoa, maskini.

TabibuUwanjani: Alizimia akiwa anakimbia, au baada ya kusimama?

KochaPembeni: Katikati ya mbio.

TabibuUwanjani: Basi asikimbie hata hatua moja. Aonwe na daktari leo, apimwe umeme wa moyo, na wingi wa damu pia, maana upungufu wa damu hupandisha mapigo.

KochaPembeni: Hata akiingia kupiga penalti tu?

TabibuUwanjani: Hata hiyo.

KochaPembeni: Nampigia mama yake.