Fundi katufungia hita ya gesi bafuni, tundu la hewa kalitoboa darini, na mwenye nyumba anataka nimshukuru

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nimepanga hapa Arusha. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Mwenye nyumba aliposema anatufungia hita ya gesi, zile za kuchemsha maji papo kwa papo, tulishangilia, maana luku ilikuwa inatumaliza. Fundi akaja, akaitundika bafuni, NDANI. Bafu lenyewe mita moja na nusu kwa mbili. Dirisha la alumini, likifungwa limefungwa. Kibomba cha moshi kifupi kikachungulia nje juu ya dirisha, na mtungi ukakaa humo humo kando ya ndoo.

Wiki ya pili mama watoto anatoka kuoga ameshika ukuta. Kichwa kinagonga, miguu haina nguvu. Tukasema presha. Kesho yake mtoto wa kati anatapika mlangoni mwa bafu, tukasingizia maandazi ya shuleni. Siku hiyo hiyo nikaingia mimi, nikaona moto wa hita uliokuwa wa bluu umekuwa wa njano.

Nikampigia fundi. "Bosi, hapo ni hewa tu, namaliza leo." Akapanda ngazi, akatoboa dari, akapachika feni ya kunyonya hewa. Hewa inaenda wapi? Inaishia chini ya bati, kwa popo. Na feni yenyewe ndiyo ilituongezea balaa. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, feni inataka hewa ya kuvuta na hakuna pa kuipata isipokuwa kwenye kile kibomba cha moshi. Kwa hiyo moshi uliotakiwa kutoka unarudishwa ndani, kwa msaada wa umeme ninaoulipia mimi!

Nilipiga hesabu jioni nikashindwa kulala. Hita ya lita 6 kwa dakika ikiwaka kwa nguvu zote inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Kilo 1 ya gesi inahitaji takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue vizuri. Bafu letu zima, hadi darini, lina 7 na ushee. Watoto watatu wakipokezana nusu saa, hita imeshatumia hewa karibu yote iliyomo. Na moto ukianza kukosa oksijeni hauzimiki kistaarabu, unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Hiyo huioni wala huinusi. Harufu ya gesi tunayoijua imewekwa makusudi ili tushtuke ikivuja; hii haina kitu. Ikiingia kwenye damu inashikamana na himoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini, mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mtu analegea akiwa anaoga, na mlango kaufunga kwa komeo.

Halafu mtungi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Tundu la darini litaisaidia nini? Linatakiwa tundu chini, usawa wa sakafu, linalotokea nje kabisa na lisilofungika, na jingine juu la kutolea joto.

Nyumba za wazee wetu zilikuwa na matundu juu ya kila dirisha. Siku hizi ni ushamba, mtu anayapiga plasta ili jipsamu ikae vizuri. Na nikiri, letu la bafuni lilikuwepo, dogo. Mwezi wa sita nililiziba mwenyewe kwa nailoni kwa ajili ya baridi. Hilo ni langu. Lakini mimi si fundi, na sikulipwa.

Kitabu cha maelekezo ya hita kilikuwa bado kwenye boksi, hakijafunguliwa. Ukurasa wa pili, na mchoro kabisa: isifungwe bafuni. Nikampelekea mwenye nyumba. Akaninyoosha: "Kijana wangu, nyumba ngapi zinazo na watu wanaoga? Wewe umezoea kulalamika." Nikamwambia basi mzee, tuihamishie nje, ukuta wa nyuma chini ya kibaraza, pamoja na mtungi, liingie ndani bomba la maji ya moto tu. Anasema ukuta wake hautobolewi mara mbili, na nikitaka nigharamie mimi. Fundi simu yangu hapokei tena.

Kwa sasa nimefunga gesi, nailoni nimeitoa, tunachemsha maji kwa sufuria kama zamani.

Kodi ya miezi sita nimeshalipa, imebaki minne. Wenye uzoefu, naweza kuihamisha kwa pesa yangu nikakata kwenye kodi, au nitakuwa nimejitafutia kesi? Na kama kuna fundi Arusha anayejua tundu la hewa linakaa wapi, aje PM. Picha za lile feni naweka nikipata bando.