Mjadala: Upuuzi una nafasi darasani, au unatupotezea muda?

Mwalimu wa Katindo
Salamu wakubwa kwa wadogo. Kwenye mkutano wa wazazi kulizuka zogo juu yangu, nami nalileta hapa kwa sababu naona linahusu Goma nzima. Ijumaa, nusu saa ya mwisho, nafunga daftari la fizikia na kuwaambia wanafunzi: nipeni wazo bovu kuliko yote. Mara ya mwisho tuliuliza namna ya kuteremsha magunia ya makala, yaani makaa, kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mti ya kubebea mizigo, bila kuanguka. Mmoja akasema tufunge mbuzi nyuma. Tukifika mteremkoni atagoma kwenda, kama kawaida yake. Darasa likavunjika mbavu. Msichana mmoja akauliza: je, tukipata kitu kinachogoma vilevile ila hakili majani? Wakaanza kuchora tairi kuukuu likikokotwa kwa kamba. Msuguano, nilioufundisha hadi sauti ikakauka, siku hiyo waliuelewa.

Wazazi wanasema ni upuuzi. Ndiyo, na ndiyo faida yake: aliyeagizwa kusema ubovu haogopi tena kukosea. Mwanafizikia Andre Geim, akiwa Uholanzi, alimwelesha chura hai hewani kwa sumaku kali, na mwaka 2000 akapewa Ig Nobel, tuzo ya kuchekesha watu. Baadaye, huko Manchester, alikuwa na desturi ya majaribio ya kipuuzi Ijumaa jioni. Yeye na Konstantin Novoselov walibandua grafiti, ile ya ndani ya penseli, kwa skochi, ile ile ya kufungia karatasi, hadi wakapata grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu. Mwaka 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Je, niendelee au niache?

Mama wa Himbi
Mwalimu, nakuheshimu, lakini huyo Geim alicheza akiwa ameshashiba fizikia. Wangu hata sheria ya Ohm, ile ya umeme, inampiga chenga. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sawa, ila sekondari minervali, yaani karo, tunalipa sisi. Darasa limejaa, benchi moja watu wanne. Na mtihani wa serikali haujawahi kuuliza habari za mbuzi.

Kijana Birere
Mbuzi kama breki! Ningesoma hapo nisingetoroka Ijumaa hata moja.

Fundi Chukudu
Mama, jambo. Mwalimu, jambo. Mimi nachonga chukudu. Mgeni akiiona mara ya kwanza anacheka: baiskeli ya mti, haina pedali! Lakini viazi na makala vinateremka nayo kutoka milimani, na mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Watoto wanajichongea vidogo vyao kwa mabaki ya mbao, wanashuka navyo wakipiga mayowe. Huwa nawatazama, maana pale kwao panapovunjika kwanza ndipo na kwangu nitapaimarisha.

Kwa hiyo siupingi mchezo. Ila kijana ninayemfundisha, kama hajui mkaratusi mbichi ukikauka utapinda, simpi panga aanze vichekesho. Ajue mti kwanza. Na hilo tairi la kukokota, Mwalimu, kwenye mawe yetu ya volkano litanasa na kukupindua pamoja na magunia. Sisi tunapigilia kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga taratibu. Ukikikanyaga ghafla, shauri yako.

Dada wa Saikolojia
Ushahidi upo, Mama. Mwaka 1987 Alice Isen na wenzake, Marekani, waliwapa wanafunzi mshumaa, kiberiti na kijiboksi cha pini: uwekeni ukutani bila nta kudondoka chini. Jibu ni kumwaga pini, kubandika boksi ukutani na kusimamisha mshumaa juu yake. Waliochekeshwa kwanza kwa filamu walilipata wengi zaidi kuliko waliotazamishwa filamu ya hesabu.

Lakini kaka Mwalimu, filamu haimcheki mtu aliyekaa darasani. Kwetu wavulana wawili ndio walikuwa wacheshi, sisi wengine tukifunika midomo, na wazo lako likichekwa vibaya, mwaka mzima unaitwa kwa jina lake. Tena utafiti wa Yale wa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wanne wakitoa mawazo kwa pamoja hupata machache kuliko wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, halafu yakakusanywa. Waandike kwanza kwenye vikaratasi, bila majina. Wewe usome.

Mwalimu wa Katindo
Vikaratasi nimevikubali, dada yangu. Yule wa mbuzi ameshaanza kuitwa Mbuzi, nami nilidhani ni utani tu. Papa Fundi, sheria ya Ohm siwezi kuifundisha kwa mawazo mabovu, hapo Mama ana haki. Ila uje Ijumaa na hicho kipande cha mpira, uwaeleze mwenyewe kwa nini tairi lao litawapindua.

Mama wa Himbi
Fundi akija, nami nitakuja nikae benchi la nyuma. Bado sijakubali lakini. Nusu saa hiyo muikate kwenye mapumziko, Ohm abaki na saa zake.

Kijana Birere
Na mbuzi nani atamleta?