Jumapili ya walowezi wa Plymouth na Boston: walikula nini kama kupika ni dhambi?

Mdadisi: Wakuu, habari za muda huu. Inasemwa walowezi wa Kiingereza kule New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo) hawakufanya kazi yoyote Jumapili. Sasa familia ya watoto sita ilikula nini? Moto waliuzima? Na Krismasi ilipigwa marufuku kweli?

Jiko la Kale: Moto hawakuuzima. Makaa yalifukiwa kwenye majivu usiku, asubuhi yanafukuliwa. Ukizimika inabidi uanze na jiwe na chuma, kwenye baridi ile!

Sabato yao iliingia jua likizama Jumamosi, kwa hiyo siku ngumu jikoni ilikuwa Jumamosi: kupasua kuni, kuteka maji, kutwanga mahindi. Chungu cha mahindi yaliyopondwa kiliachwa kando ya makaa, Jumapili ni kupakua tu. Plymouth walitwanga kwa mkono miaka mingi; kinu cha maji kilikuja 1636. Mkate wa mahindi matupu hauumuki, unamomonyoka, ndiyo maana walichanganya na unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano.

Na kwa nini mahindi? Mwaka 1621 walipanda ekari 20 za mahindi kwa maelekezo ya Tisquantum, mwenyeji wa asili wa eneo hilo, wakirutubisha kwa samaki, na yakazaa vizuri. Ekari 6 zilikuwa za shayiri na njegere. Shayiri ilitoka wastani tu. Njegere walichelewa kuzipanda, jua likazichoma zingali na maua.

Msoma Kumbukumbu: Kwanza tutenganishe watu. Wa Plymouth (1620) walikuwa wamejitenga kabisa na Kanisa la Uingereza. Wa Boston (1630) walitaka kulisafisha wakiwa ndani yake. Ibada zilifanana: mara mbili Jumapili, asubuhi na alasiri, hotuba ndefu, jengo bila moto, zaburi bila ala yoyote ya muziki.

Jambo linalosahaulika sana, nalo ni zito: mchungaji wa watu wa Plymouth, John Robinson, alibaki Leiden, Uholanzi, na kufia huko 1625. Mzee wa kanisa William Brewster alihubiri, lakini hakuwa amewekewa mikono kuwa mchungaji, hivyo kwa miaka ile ya mwanzo watu wenye imani kali namna hiyo waliishi bila ubatizo wala Meza ya Bwana.

Mdadisi: Hilo la sakramenti sikulijua kabisa. Krismasi je?

Msoma Kumbukumbu: Ni kweli. Tarehe 25 Desemba 1620 Plymouth walianza kujenga nyumba yao ya kwanza ya pamoja. Kwao ilikuwa siku ya kazi, kwa sababu Biblia haiitaji sikukuu hiyo. Sheria yenyewe ni ya Massachusetts, koloni la kina Boston, 1659: ukiiadhimisha, faini shilingi 5. Ilifutwa 1681. Ndoa nayo ilifungwa mbele ya hakimu, si mchungaji, kwa hoja hiyohiyo.