Siri ya mtungi aijuaye kata: ni tashihisi, sitiari au jazanda?

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha sita

Shikamooni walimu wangu, na salamu kwa wanafunzi wenzangu. Katika kikundi chetu cha kujisomea tumebishana juu ya methali isemayo "Siri ya mtungi aijuaye kata". Mmoja wetu anasema methali hiyo imetumia tashihisi, kwa kuwa kata imepewa uwezo wa kujua; mwingine anashikilia kwamba ni sitiari; wa tatu anaiita jazanda. Naomba kueleweshwa namna ya kutofautisha tamathali hizi zinazokaribiana, pamoja na kinaya na kejeli, ambazo hutuchanganya tunapochambua riwaya. Aidha, ikiwa mstari mmoja una tamathali mbili, tutaje ipi?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mwalimu wa Kiswahili, Tanga

Marahaba, mwanangu. Wenzako wanaosema tashihisi na jazanda wote wako sahihi, ila kila mmoja anatazama upande mmoja wa methali.

Anza na sarufi, kwa sababu methali hii imeficha ushahidi wake humo. Kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini ili kuchotea maji mtungini, na kwa kawaida nomino hiyo huchukua upatanisho wa ngeli ya I-ZI, kwa hiyo tungetarajia kusikia "iijuayo kata". Wahenga hawakusema hivyo. Walisema "aijuaye", wakaivika kata kiambishi cha ngeli ya A-WA, ngeli ya watu na wanyama. Hapo ndipo kata ilipofanywa mtu, kabla hata hatujafika kwenye maana ya kujua. Ukilionyesha hilo katika jibu lako, umethibitisha tashihisi kutoka ndani ya matini yenyewe. Linganisha na "Debe tupu haliachi kuvuma": debe limebaki na upatanisho wake wa LI-YA na linatenda jambo ambalo debe hulitenda kweli, yaani kutoa mlio. Hakuna tashihisi hapo.

Lakini usiifanye alama hiyo kuwa sharti. Mtu akiandika "jua lilichungulia dirishani", upatanisho haukubadilika, ilhali kuchungulia ni tendo la mwenye macho, na tashihisi ipo. Kwa wanyama alama hiyo haisaidii kabisa, maana wao wamo katika A-WA tangu awali. Katika "Paka akiondoka, panya hutawala" inabidi uliangalie tendo lenyewe la kutawala.

Sasa upande wa pili. Mtungi na kata havikutajwa kwa ajili ya maji. Ni picha ya nyumba, ndoa au jamii yoyote yenye mambo ya ndani, na ya mtu aliyezama humo akayajua. Picha ya namna hiyo, ambayo msomaji huachiwa aifumbue mwenyewe, ndiyo wahakiki wengi huiita jazanda. Sitiari, kwa maana finyu, hulinganisha waziwazi kwa kukiita kitu kimoja jina la kingine, kama katika "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika". Vitabu havikubaliani katika mipaka hii, na vipo vinavyoiweka jazanda ndani ya sitiari, kwa hiyo yule mwenzenu wa pili naye asidharauliwe. Taashira ni jambo jingine: ni kitu ambacho jamii imekwisha kukubaliana kwamba kinawakilisha wazo fulani, kama jembe na nyundo katika bendera ya Chama cha Mapinduzi vinavyowakilisha wakulima na wafanyakazi.

Tashbihi, yaani ulinganishi unaofanywa kwa maneno kama "kama" au "mithili ya", haina ugumu, mradi usidanganywe na neno "kama". Katika "kama unaweza, njoo" hakuna ulinganishi, bali kuna sharti. Tena, katika ushairi wa zamani utakutana na "ja" likifanya kazi ya "kama", na wanafunzi wengi hulipita bila kuliona.

Kuhusu swali lako la mwisho, taja tamathali zote mbili ikiwa unaweza kueleza kila moja inafanya nini. Tamathali isiyoelezwa kazi yake ni afadhali uiache.

Jibu la pili, kutoka kwa mwanafunzi wa shahada ya fasihi

Nakubaliana na Mwalimu, nami naomba nijibu sehemu ya kinaya na kejeli.

Kejeli ina msemaji anayekusudia kubeza. Mama akimwambia mtoto aliyerudi usiku wa manane, "Hongera, leo umewahi", mama anajua anachokifanya na mtoto anajua amesemwa. Kinaya hakihitaji msemaji wa namna hiyo. Ni mambo yenyewe yanayokwenda kinyume na ilivyotarajiwa, na mara nyingi msomaji huyaona kabla ya mhusika. Mfano mzuri ni *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, kisha anasimama mbele ya baraza la mfalme kujitetea, na utetezi wake wenyewe unakuwa somo la uanasheria ambalo washtaki wake walitaka kulizuia. Hakuna anayemdhihaki mwenzake hapo. Hicho ni kinaya.

Kitabu hichohicho kitakufundisha majazi, yaani kumpa mhusika jina linalobeba tabia yake: mshtaki ni Waziri Majivuno. Wengi hulichanganya hili na lakabu, ambalo ni jina la kupanga. Mhusika hujipa au hupewa na wenzake ndani ya hadithi, juu ya jina alilonalo. Zaidi ya hayo, nchi nzima ya Kusadikika, iliyowekwa angani, ni istiara: hadithi kamili inayosimama badala ya utawala wa dunia yetu. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na msomaji akilikumbuka hilo ataelewa kwa nini mwandishi alichagua njia ya mafumbo.

Jibu la tatu, kutoka kwa mtunzi wa mashairi, Mombasa

Naongeza neno moja kuhusu ushairi. Msichanganye tamathali na uhuru wa mshairi. Tazameni mshororo huu nilioutunga sasa hivi: "Ni mgeni alokuja, mlangoni angojea". Kila kipande kina mizani 8, yaani silabi 8. Ningeandika "aliyekuja", kipande cha kwanza kingekuwa na mizani 9 na mshororo ungepinda. Ufupisho huo ni inkisari. Kinyume chake ni mazda, kama kurefusha "enda" kuwa "enenda". Hesabuni silabi kwanza, ndipo mseme mshairi amefanya nini.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Je, "Haba na haba hujaza kibaba" ni takriri tu?

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga

Takriri, yaani urudiaji wa neno, ipo katika "haba", lakini usiishie hapo. Kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi. Sikiliza silabi "ba": inatokea mara moja katika kila "haba", kisha katika "kibaba" inatokea mara mbili mfululizo. Vile vidogo viwili vimekutana ndani ya kipimo. Andika hivyo katika jibu lako, kisha ueleze kwamba sauti ya methali inatenda kile ambacho maana yake inakisema.